Shajara ya mradi: adapta ya lenzi za milimita 35 kwa kamera ya video ya Canon HV20

Jumapili, 8 Februari 2009: sababu na mpango

Kamera yangu ni Canon HV20, toleo la PAL (mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde), inayorekodi HDV, yaani video ya ubora wa juu, kwenye kanda za MiniDV. Picha yake ni safi, na lalamiko langu juu yake ni moja tu: kila kitu ndani ya fremu kinaonekana kwa ukali uleule. Nikimrekodi mzee aliyeketi barazani, uso wake, ukuta ulio nyuma yake na kamba ya nguo iliyo mita kumi mbele zaidi vyote vinagombea macho ya mtazamaji. Sababu ni udogo wa kihisi cha picha. Kihisi cha HV20 ni cha aina ya inchi 1/2.7, ambacho kutoka pembe hadi pembe kina milimita 6 hivi, ilhali fremu ya filamu ya milimita 35, yenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24, ina milimita 43.3. Lenzi ya kamera kwa hiyo imelazimika kuwa fupi mno, kuanzia milimita 6.1 hadi 61, na lenzi fupi namna hiyo, hata tundu lake likifunguliwa lote kwenye f/1.8, haiwezi kulainisha mandhari yaliyo nyuma ya mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye kamera.

Kuifunga lenzi ya kamera ya picha moja kwa moja mbele ya HV20 hakusaidii kitu. Njia inayofaa ni kuiacha lenzi kubwa itupe picha yake yenye ukubwa kamili juu ya kioo cha ukungu, kisha kamera ya video irekodi picha iliyo juu ya kioo hicho, kama mtu anayepiga picha ya ukuta. Adapta za kununua zipo, na kampuni ya Ujerumani iitwayo P+S Technik imekuwa ikitengeneza yake kwa miaka kadhaa, lakini bei zake, ukiongeza usafirishaji na ushuru, zinapita bei niliyoinunulia kamera yenyewe. Najua pia kwamba Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa Septemba iliyopita, inarekodi video kwa kihisi cha ukubwa kamili, ila hadi sasa, Februari 2009, inarekodi fremu 30 kwa sekunde peke yake, nami kazi zangu zote ni za fremu 25, tena pesa yake sina.

Nataka kifaa hiki kwa ajili ya filamu fupi juu ya mafundi wa ngalawa wa Kunduchi. Mpango una vipande vitano kwa mfuatano: lenzi ya Helios 44-2, kioo cha ukungu, lenzi ya kusambaza mwanga, lenzi ya kusogeza fokasi karibu, na kamera.

Jumamosi, 21 Februari 2009: lenzi na kuvu yake

Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, f/2, yenye uzi wa M42, yaani kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 1. Niliipata pamoja na kamera mbovu ya Zenit na pete tatu za kupigia picha za karibu, vyote kwa shilingi 40,000, kutoka kwa mpiga picha wa studio aliyefunga duka. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba tundu lake hufungwa kwa mkono kwenye lenzi yenyewe, bila kuhitaji kifimbo chochote ndani ya kamera.

Ndani ya kioo cha nyuma kulikuwa na kuvu, nyuzi nyeupe kama mizizi, jambo la kawaida kwa lenzi zilizokaa pwani ndani ya mfuko wa ngozi. Nilifungua pete ya nyuma na kukisafisha kwa pamba iliyoloweshwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa (shilingi 2,000 pamoja na pamba). Kuvu ilitoka, lakini alama hafifu imebaki kwenye rangi ya kioo, na katika majaribio yote haijaonekana kwenye picha. Lenzi za namna hii zisirudishwe kwenye mfuko wa ngozi, kwani unyevu ndio unaoilisha kuvu.

Jumapili, 8 Machi 2009: kioo cha ukungu, majaribio manne

Sehemu hii imenila wiki mbili, na atakayenifuata ataokoa muda mwingi akisoma hapa kuliko mahali pengine popote.

Jaribio la kwanza lilikuwa karatasi angavu ya wachora ramani, iliyobanwa kati ya vioo viwili. Picha ilitokea, na furaha ya kuiona mara ya kwanza ilikuwa kubwa, lakini nyuzi za karatasi zilionekana wazi na mwanga mwingi ulipotea. La pili lilikuwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa vipande vya utepe. Rangi zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona hadi leo, laini na zenye joto, ila nta ya mshumaa hufanya madoa inapopoa, na mchana mmoja ndani ya gari ulitosha kuilainisha na kuifanya itiririke pembeni. Niliiacha.

La tatu lilikuwa kusaga kioo mwenyewe. Nilimwomba fundi vioo anikatie vipande sita vya milimita 50 kwa 50 kutoka kioo cha fremu za picha chenye unene wa milimita 2 (shilingi 3,000), nikanunua pesti ambayo mafundi wa magari huitumia kusagia vali (shilingi 2,500). Unaweka pesti na maji juu ya kioo kinene kilicholala, unakandamiza kipande chako kidogo, na kukizungusha kwa mwendo wa namba nane, ukikigeuza robo duara kila baada ya dakika chache ili kisagike sawasawa. Baada ya saa moja kipande kilikuwa cheupe kote. Kwenye runinga, hata hivyo, chembechembe zake zilionekana kubwa kama mchanga, na kila kamera ilipogeuka, mchanga ule ulibaki palepale huku picha ikipita nyuma yake.

Jaribio la nne ndilo lililofaulu. Rafiki yangu anayekata vito Arusha alinitumia kwa basi pakiti ya unga wa oksidi ya alumini wa mikroni 5 (shilingi 12,000 na nauli ya mzigo 3,000), nikaupokea Ubungo. Nilianza tena na pesti laini ili kuondoa mng'ao, kisha nikaendelea na unga kwa saa mbili. Kipande cha kwanza kiliharibika kwa kosa ambalo ningeweza kuliepuka: nilitumia kioo cha chini kilekile na beseni lilelile, na punje chache za pesti zilizobaki zikachora mistari mirefu ambayo unga wa mikroni 5 hauwezi kamwe kuifuta. Kipande cha pili nilikisagia juu ya kioo kingine, kwa maji mapya, baada ya kunawa mikono na kusugua kucha kwa mswaki. Ukikishika mbele ya dirisha kinafanana na pumzi iliyoganda juu ya kioo, na kwenye picha chembe zake ni ndogo kiasi kwamba unaziona tu ukizitafuta.

Jumamosi, 28 Machi 2009: bomba, pete, na milimita 1.4 za ziada

Mwili wa adapta ni bomba la plastiki la inchi 3 lenye kipande cha kuunganishia kinachoteleza juu yake (shilingi 4,000). Pete moja kati ya zile za Zenit, ile ya milimita 14, ndiyo iliyonipa uzi wa kike wa M42 uliokwisha kukatwa vizuri kiwandani. Niliihitaji tu ishikwe katikati ya bomba na bamba la alumini, nikampelekea mkereza mmoja wa Gerezani mchoro. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Kijana, hii arobaini na tano nukta arobaini na sita umeitoa wapi? Bomba la maji hili."

"Shikamoo mzee. Ndiyo nafasi ya lenzi hadi kwenye kioo. Ikizidi, haioni mbali."

"Marahaba. Basi usinipimie kwa rula. Niletee lenzi yenyewe."

Alisema kweli, nami sikumsikiliza. Umbali kutoka uso wa kukalia lenzi ya M42 hadi kwenye picha ni milimita 45.46, na nilipima kwa rula ya chuma, nikajumlisha unene wa bamba mara mbili bila kujua. Nilipoifunga Helios na kuizungusha hadi alama ya mbali kabisa, minazi ya jirani ilikuwa ukungu mtupu na kilichoonekana kwa ukali ni mlango wa jiko langu, mita 2.4 mbele yangu. Kutokana na hapo kosa linaweza kuhesabiwa bila kufungua chochote: chukua urefu wa fokasi wa lenzi, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa umbali unaoonekana. 58 mara 58 ni 3,364, na ukigawa kwa 2,400 unapata milimita 1.4. Kalipa ya kuazima ilithibitisha kwamba umbali wangu ulikuwa milimita 46.9.

Mkereza alipunguza bamba (shilingi 18,000 kazi ya kwanza, 8,000 marekebisho), na safari hii nilimpelekea lenzi. Kipande kinachoteleza nimekifunga kwa skrubu tatu katika matundu marefu, ili marekebisho ya mwisho yafanyike kwa kutazama mnara wa mbali badala ya kuamini kipimo. Upande uliosagwa wa kioo lazima uelekee lenzi ya Helios. Ukigeuza, mwanga utapita kwanza ndani ya milimita 2 za kioo, na fokasi itasogea nyuma kwa zaidi ya nusu milimita.

Jumatano, 15 Aprili 2009: lenzi ya darubini iliyowekwa kinyume

HV20 haiwezi kufokasi kioo kilicho karibu hivyo huku zumu yake ikiwa imevutwa, kwa hiyo inahitaji lenzi mbinuko mbele yake. Vioo vya bei nafuu vya kupigia picha za karibu huacha kingo za zambarau na kijani, kwa sababu ni kioo kimoja kisichoweza kuzikusanya rangi zote mahali pamoja. Dawa yake ni lenzi ya vioo viwili vilivyogandishwa, na lenzi ya namna hiyo ipo mbele ya kila darubini nzuri ya macho mawili. Kariakoo nilipata darubini ya 7×50 iliyoanguka na kuvunjika upande mmoja, kwa shilingi 15,000. Lenzi yake ya mbele, iliyopona, ina kipenyo cha milimita 50. Niliitumia kutupa picha ya jengo la mbali ukutani na kupima: milimita 188.

Hesabu ni rahisi. Fokasi ya kamera ikiwekwa mbali kabisa, kioo cha ukungu kinakaa milimita 188 kutoka kwenye lenzi hii, na ili upana wa milimita 32 za kioo ujaze fremu, zumu ya kamera inapaswa kuwa karibu na milimita 31, yaani mara tano hivi. Sitaki kutumia milimita 36 zote, kwa kuwa pembe za kioo ni hafifu.

Jaribio la kwanza lilitoa picha laini mno pande zote, na nilipoteza jioni tatu nikilaumu kioo nilichokisaga kwa jasho. Kosa lilikuwa mwelekeo. Ndani ya darubini, uso uliobinuka zaidi hutazama nje, kule mwanga unakotoka ukiwa sambamba. Katika adapta mwanga sambamba uko upande wa kamera, kwa hiyo uso uliobinuka zaidi unapaswa kuitazama kamera. Niliigeuza, na herufi za gazeti lililobandikwa ukutani zikasomeka hadi karibu na kingo.

Ndani ya bomba nilikuwa nimepaka rangi nyeusi ya kawaida, ambayo ilimetameta na kutia utando mweupe kwenye picha kila dirisha lilipoingia katika fremu. Nimeikwangua na kupaka rangi ya ubao wa shule (shilingi 3,500), ambayo haina mng'ao. Iacheni ikauke siku mbili kabla ya kufunga vioo: mimi nilifunga baada ya saa sita, na mvuke wake ukatua juu ya kila kioo.

Jumapili, 3 Mei 2009: kioo kinachotetemeka

Hata kioo kizuri, kikitulia, huonyesha chembe zake mara tundu la Helios linapopunguzwa kupita f/4. Kikisogezwa haraka katika duara dogo, chembe zinachanganyika na kutoweka. Mota ya kutetemesha niliitoa kwenye simu iliyokufa. Mota hizi huzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika kwa betri moja ya 1.5 V, yaani mizunguko mitatu na kitu katika kila 1/50 ya sekunde, na hiyo inatosha kabisa. Kishikio cha betri na swichi vimegharimu shilingi 1,500.

Njia ya kukishikilia kioo ndiyo iliyonisumbua. Nilianza kwa kukizungushia sponji, ambayo ilikula mtetemo wote. Nikajaribu vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa katika pembe nne: kioo kilitetemeka vizuri, lakini kiliinama, upande wa kushoto wa picha ukawa na fokasi na wa kulia ukakosa. Zaidi ya hayo nilikuwa nimelaza mota ubavuni, hivyo ikawa inakisukuma kioo mbele na nyuma, na picha nzima ikapoteza ukali kila nilipowasha swichi.

Suluhisho nililitoa kwenye meza mbovu iliyopo uani, ambayo ukiisukuma hucheza kushoto na kulia bila kupanda wala kushuka. Nilichambua waya wa breki wa baiskeli, nikakata nyuzi nne za chuma zenye urefu wa milimita 25 zilizolingana, na kuzigandisha kwa gundi ya Araldite (shilingi 3,500) katika pembe nne za fremu nyembamba ya alumini inayobeba kioo, zote zikielekea upande wa kamera kama miguu minne. Fremu sasa inacheza pande zote katika bapa lake, na miguu haiiruhusu kwenda mbele wala nyuma. Mota imesimamishwa ili mhimili wake uelekee sawa na mhimili wa lenzi. Tangu hapo kuwasha swichi kunafuta chembe bila kugusa fokasi.

Katikati ya picha bado palikuwa na doa la mwanga na pembe zilikuwa na giza. Hapo ndipo ilipoingia lenzi ya kusambaza mwanga: kioo cha kukuzia cha wanafunzi chenye kipenyo cha milimita 50 (shilingi 4,000), kilichowekwa milimita 3 nyuma ya kioo cha ukungu bila kukigusa, kimeikunja miale ya pembeni kuelekea kamera, na tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 23 Mei 2009: reli, sauti, na picha iliyopinduka

Adapta nzima ina urefu wa sentimita 27 na haiwezi kuning'inia kwenye uzi wa milimita 43 wa HV20, kwa kuwa ingeing'oa pua ya kamera. Nimetengeneza kitako cha mninga chenye mabomba mawili ya pazia (shilingi 11,000), kamera na adapta vikikaa juu yake kila kimoja kwa skrubu yake, na nafasi iliyo kati yao nimeizungushia kitambaa cheusi. Adapta huziba pia kihisi cha nje cha fokasi ya haraka kilicho mbele ya kamera, kwa hiyo fokasi ya kamera iwe ya mkono daima, na kidhibiti mtikisiko kizimwe.

Mlio wa mota uliingia kwenye maikrofoni ya kamera. Maikrofoni ya nje, pamoja na tabaka la tyubu chini ya adapta, vimeumaliza.

Picha juu ya kioo imepinduka juu chini na kushoto kulia. Kwa kutazama ninatumia skrini ndogo ya gari ya kuazima iliyofungwa kichwa chini, na baadaye ninaizungusha picha digrii 180 katika programu ya kuhariri. Hapo nilikutana na tatizo ambalo sikulijua: jaribio nililorekodi kwa 50i (nusu-fremu 50 kwa sekunde, za mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu) lilirukaruka vibaya baada ya kuzungushwa. Mistari ya picha ni 1,080, na ukiipindua, ile ya shufwa inakuwa ya witiri na ile ya witiri inakuwa ya shufwa, hivyo nusu ya pili ya kila fremu inaonyeshwa kabla ya ya kwanza. Rekodini kwa 25p (fremu kamili 25 kwa sekunde), na katika programu mwiambie kwamba picha ni ya fremu kamili.

Jumla hadi leo ni shilingi 131,000, bila kuhesabu kamera.

Jumapili, 14 Juni 2009: Kunduchi

Asubuhi nzima tulikuwa kwa mzee fundi wa ngalawa, akichonga kwa tezo kwenye kivuli cha mkungu. Helios kwenye f/2.8 iliuweka ubapa wa tezo na vidole vyake mbele, na majani yaliyo nyuma yakazunguka kwa ule mviringo ambao lenzi hii inajulikana nao. Ndicho nilichokitafuta tangu Februari, na nilirudia kukitazama mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Tulipohamia juani chembe zilirudi. Kamera ilikuwa katika hali ya kujiamulia, ikapandisha kasi ya shata hadi 1/500, na katika muda huo mota haimalizi hata nusu mzunguko. Nimeifunga kwenye Tv, hali ambayo kasi ya shata huchaguliwa kwa mkono, 1/50, na mwanga nitaupunguza kwa kichujio cha kijivu cha milimita 49 mbele ya Helios, kwa sababu kupunguza tundu la lenzi huzirudisha chembe vilevile. Ndani ya nyumba shida ni kinyume chake: adapta inakula zaidi ya nusu ya mwanga, na chumba chenye balbu moja hakitoshi.

Usiku, nikitazama kanda, niliona madoa matatu yasiyosogea upande wa juu. Vumbi lililo juu ya kioo cha ukungu hutetemeka pamoja nacho na kupotea, kwa hiyo madoa yanayotulia ni ya kioo cha kukuzia. Ni unga wa mbao, ulioingia kupitia matundu marefu ya skrubu. Nimefungua skrubu tatu, nikapuliza kwa pampu ya mpira, na kulizungushia bomba mkanda wa tyubu juu ya matundu. Kabla ya kufungua, chora mstari wa penseli unaovuka bomba na kipande kinachoteleza, ili zile milimita 45.46 usianze kuzitafuta upya.